Vyombo, Ufagio na Dhikri: Mwongozo Kamili wa Kuifanya Kazi ya Nyumbani Iwe Ibada

Kila tukimaliza darsa ya kina mama, mikeka ikianza kukunjwa, hubaki mtu mmoja au wawili wanaotaka kusema nami kando. Maneno yao nimeshayajua kabla hawajayatoa. "Ustadha, nilianza Jumatatu kama ulivyotwambia. Kufika Jumatano nikawa naosha vyombo kama zamani tu. Ulimi unasema Subhanallah, moyo unagombana na wifi yangu."

Hawa si wavivu, wala imani yao si haba. Wanaanguka mahali pale pale kila mara kwa sababu wameianza kazi mwisho wake. Wanashika dhikri kabla ya kushika nia, wanataka nyumba nzima igeuke ibada kwa siku moja, na wanaingia jikoni na kinyongo ambacho hawajakitafutia pa kukiweka. Mpangilio ulioko hapa chini ndio niliouona ukidumu kwa watu wengi. Ufuate kama ulivyo, na usiiruke hatua ya tatu hata ukiiona ndogo.

Nimeuandika kwa nyumba ya Kiislamu, maana ndiyo niijuayo, na kwa yeyote anayefanya kazi ndani yake: mama, baba, kijana wa kiume, dada wa kazi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kazi moja tu. Tutaichagua katika hatua ya kwanza.
- Dakika 15 hadi 20 ambazo hujaahidi mtu mwingine.
- Mahali pa kuiweka simu nje ya jiko. Juu ya kabati la chumbani panafaa. Mfukoni hapafai.
- Vifaa vyote vya kazi yenyewe. Kwa vyombo: sabuni, dodoki, stilwaya, mabeseni mawili, maji ya kutosha, kichanja au kitambaa safi cha kuanikia. Ukikosa stilwaya katikati ya kazi utatoka kuitafuta, na ukitoka umeanza upya.
- Maneno matatu: Subhanallah, Alhamdulillah, Allahu Akbar. Kama unayajua haya, usiongeze mengine wiki ya kwanza.
- Siku saba.

Tasbihi ya shanga haihitajiki. Mikono itakuwa na mapovu.

## Hatua ya 1: Chagua kazi moja, na isiwe ile unayoichukia

Chagua kazi ya kila siku, ya mikono, isiyokudai kufikiri. Kuosha vyombo vya usiku ndiyo bora kwa watu wengi. Kufagia uwanja asubuhi ni ya pili. Kuchagua mchele kwenye ungo pia ni nzuri, ingawa siku hizi wengi tunanunua uliokwisha kuchaguliwa.

Usianze na kupika. Najua kupika ndiko kunakopendwa, lakini mpishi ana mambo mengi ya kuangalia: moto, chumvi, tui lisikatike. Akili inayolinda tui haina nafasi ya kujifunza jambo jingine.

Usianze pia na kazi inayokutia hasira. Wanafunzi wangu wengi hudhani kuwa kazi wanayoichukia ndiyo inayohitaji dawa mapema. Ni kama kumfundisha mtu kuogelea siku ya kusi kali. Ile kazi utaifikia, lakini baada ya kuwa na nguvu kidogo.

Utajua umechagua vizuri: unaweza kuifanya gizani kwa kupapasa tu.

## Hatua ya 2: Tengeneza mahali kabla ya moyo

Kusanya vyombo vyote kwanza. Pita sebuleni, pita barazani, chukua kikombe cha chai kilichosahauliwa dirishani. Kwangua makombo. Sufuria yenye ukoko itie maji ya moto iloweke. Panga: bilauri mbele, sahani nyuma yake, masufuria mwisho.

Hili si pambo. Nusu ya fujo ya moyo jikoni inatokana na kuosha sahani tatu, kisha mtoto analeta mbili, kisha unakumbuka hotipoti. Kila kinachoongezwa katikati huonekana kama uonevu. Kikiwa tayari mbele yako tangu mwanzo, unajua mzigo wako ni huu na hauzidi.

Hapo kwenye makombo pana jambo. Jabir, sahaba wa Mtume, ameipokea hadithi, nayo imo katika mkusanyiko wa Muslim, kwamba tonge ikimwanguka mmoja wetu aiokote, aiondoe uchafu na aile, na kwamba chombo kisafishwe, kwani hatujui baraka iko katika sehemu gani ya chakula. Kwa hiyo kabla ya kukwangua, tazama. Wali mzima uweke kwa ajili ya kesho. Makombo yawekee kuku, au paka wa jirani. Sahani ya mtoto wa mwisho kwangu hurudi kila siku na punje zilizopangwa ukingoni kama shanga, maana hapendi punje yenye hiliki. Zamani nilizitupa nikimsema. Siku hizi ndizo zinazonikumbusha kwamba kazi imeanza.

Utajua umefaulu: hakuna chombo kichafu kilichobaki nje ya jiko, na hujagusa sabuni bado.

## Hatua ya 3: Nia, na hapa usikimbie

Hadithi iliyotangulia zote katika mkusanyiko wa Bukhari ni ile iliyopokewa na Umar bin al-Khattab: hakika ya matendo ni kwa nia, na kila mtu atapata alichokinuia. Wanavyuoni, akiwamo Imam Nawawi, wamefafanua kwamba jambo la halali la kawaida, kama kula au kulala, hugeuka kuwa twaa, yaani utiifu kwa Mola, mtu akilifanya kwa kutaka radhi za Mwenyezi Mungu. Mtume (S.A.W.) alimwambia Saad bin Abi Waqqas kwamba hatatoa matumizi yoyote kwa kutaka radhi za Mwenyezi Mungu ila atalipwa, hata tonge anayoitia kinywani mwa mkewe. Tonge moja imehesabiwa. Basi na sufuria iliyoipika ina njia ya kuhesabiwa.

Simama mbele ya karo. Usiguse maji. Jiulize swali moja: *Naosha kwa ajili ya nani, na kwa nini?* Kisha lijibu kwa Kiswahili chako cha nyumbani. Kwa mfano:

"Naosha ili wanangu wale katika chombo safi. Ili mama akiamka alfajiri asikute karo limejaa. Ili neema hii isidharauliwe. Kwa kutaka radhi Zako, ee Mola wangu."

Hayo ni manne, na kazi ni ile ile moja. Ukiwa umechoka sana, moja linatosha.

Angalizo. Nia mahali pake ni moyoni. Hakuna tamko maalumu la Kiarabu lililopokewa la kuosha vyombo, na mtu asikuuzie. Maneno niliyoyaandika hapo juu ni ya kuuamsha moyo tu, badilisha upendavyo.

Angalizo la pili, zito zaidi. Ipime nia yako hivi: kama hakuna hata mmoja nyumbani atakayejua kwamba ni wewe uliyeosha, je, utaosha vile vile? Mtu anayetoka jikoni akitangaza "jamani mimi ndiye niliyemaliza vile vyombo" ameshapokea malipo yake pale pale sebuleni. Simaanishi usishukuriwe. Shukrani ikija, ipokee kwa furaha. Usiende kuitafuta.

Walio wengi huniambia hatua hii huchukua sekunde tano. Ndiyo maana inawashinda. Ipe dakika nzima siku saba za kwanza. Utajihisi mjinga kusimama mbele ya karo mikono imening'inia, hasa watu wakipita. Simama tu.

Utajua umefaulu: unaweza kumtaja kwa jina mtu mmoja ambaye kazi hii itamfaa.

## Hatua ya 4: Bismillahi, kisha tia dhikri katika mwendo wa mkono

Sema Bismillahi mkono ukigusa maji. Kisha fuata mwendo wa kazi yenyewe:

- Ukisugua: Subhanallah.
- Ukisuuza: Alhamdulillah.
- Ukiweka kwenye kichanja: Allahu Akbar.

Chombo kimoja, maneno matatu, kisha kingine. Usihesabu. Sema kwa sauti ya kujisikia mwenyewe, polepole kama mkono unavyokwenda.

Sababu ya kuyafunga maneno na mkono ni kwamba ulimi ukiachwa peke yake huzoea haraka na kuanza kwenda wenyewe. Mkono hauwezi kusuuza kabla ya kusugua. Kwa hiyo ukijikuta unasema Alhamdulillah na sahani ingali na povu, papo hapo umejua kwamba hukuwapo.

Nasisitiza: dhikri hizi tatu ni sunna na fadhila zake zinajulikana, lakini kuzigawa baina ya kusugua na kusuuza ni mbinu yangu ya kukumbukia tu. Usiifanye kuwa jambo la dini, wala usimkosoe anayefanya vingine.

Wanaoweka mawaidha au Qur'ani kwenye simu wakati wa kazi wananiuliza kama hiyo haitoshi. Kusikiliza ni kheri, na Qur'ani ikisomwa tumeamrishwa kuisikiliza na kunyamaza. Ndiyo sababu sipendi iwe sauti ya nyuma ya mlio wa masufuria. Isikilize ukiwa umekaa.

Kwa mwanamke aliye katika hedhi au nifasi: siku hizi huswali wala hufungi, lakini dhikri haijazuiwa. Wengi hujihisi wametengwa na Mola wao juma zima. Karo la vyombo liwe mlango wako siku hizo.

Utajua umefaulu: siku za mwanzo, vyombo vitatu au vinne kati ya ishirini ulikuwapo kwa moyo. Hiyo ni siku njema. Usitafute vyote ishirini.

## Hatua ya 5: Akili ikitoroka, itazame sahani

Itatoroka. Itakwenda kwenye ada ya shule, kwenye neno la jirani, kwenye nguo zilizoachwa kambani. Usijilaumu na usianze upya. Kitazame kilichomo mkononi.

Bakuli hili la bati limepasuka rangi ukingoni. Nani kalitumia leo? Alikuwa na hali gani alipokaa chini? Alikula vizuri? Muombee neno moja: "Mola, mpe afya." Kisha rudi kwenye dhikri.

Kwa watu wengi maana huingia kwa mlango huu kuliko ule wa ulimi peke yake. Kuna mama mmoja aliniambia kwamba alipoanza kutazama vyombo hivi, ndipo alipogundua kuwa kijana wake mkubwa hali chakula cha usiku. Sahani yake ilikuwa inarudi safi kila siku, lakini ilikuwa safi tangu mwanzo. Walikaa wakazungumza usiku ule ule.

## Hatua ya 6: Kinyongo kikija

Hapa ndipo wengi wanapoachia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Uko kwenye sahani ya tano, na sebuleni wanacheka kwenye televisheni. Hapo moyo unauliza: kwani mimi peke yangu? Dhikri inageuka kuwa kusaga meno.

Usijaribu kuifunika sauti hiyo kwa kuongeza Subhanallah. Kumbuka kisa cha Bibi Fatma (R.A.), kilichomo katika Bukhari na Muslim. Mikono yake ilikuwa imeumia kwa kusaga nafaka kwa jiwe. Alisikia kwamba baba yake ameletewa mateka, akaenda kuomba mtumishi. Hakumkuta, akamwachia Bibi Aisha maneno. Usiku, Mtume (S.A.W.) alimfuata nyumbani kwake, naye na Sayyidna Ali wameshalala. Wakataka kuinuka, akawaambia wabaki walipo. Akakaa baina yao, mpaka Sayyidna Ali akausikia ubaridi wa nyayo zake kifuani. Kisha akawafundisha Subhanallah 33, Alhamdulillah 33 na Allahu Akbar 34 wanapokwenda kulala, na kuwaambia kwamba hilo ni bora kwao kuliko mtumishi.

Watu hukisimulia kisa hiki kwa kuanzia mwishoni, ili kumwambia mwanamke anyamaze. Mimi naomba ukitazame tangu mwanzo. Bibi Fatma alichoka, na akasema. Alitoka nyumbani kwake kwenda kulisema. Baba yake alipopata habari alikwenda mwenyewe, usiku, akakaa nao kitandani. Uchovu wake ulisikilizwa kwanza, ndipo dhikri ikaja.

Basi fanya hivi:

1. Acha dhikri. Endelea kuosha kimya.
2. Jiulize: hiki ni kinyongo cha leo, au ni haki iliyokwama muda mrefu?
3. Kama ni cha leo, kitapita kufika kwenye masufuria. Rudi kwenye Bismillahi.
4. Kama ni haki iliyokwama, kiwekee wakati wa kusemwa. Si sasa hivi, mikono ikiwa na povu na sauti iko juu. Kesho baada ya chai: "Baba Fulani, hii kazi ya usiku imenizidi, tugawane." Ukishaamua wakati wake, moyo hutulia kwa namna ya ajabu.

Angalizo kwa waume na vijana. Bibi Aisha (R.A.) aliulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani kwake. Akajibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumbani kwake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kuswali. Hii imo katika Bukhari. Kwa hiyo usimtumie mkeo mwongozo huu kama jibu la ombi lake la msaada. Nenda kaoshe.

Angalizo kwa wenye dada wa kazi. Thawabu ya dhikri yake haipunguzi mshahara wake wala saa zake za kulala.

## Hatua ya 7: Adhana ikilia

Katika jibu lile lile la Bibi Aisha mna adabu hii: sala ikifika, huduma inasimama. Funika vyombo, kausha mikono, nenda.

Hiki ndicho kipimo kizuri kuliko vyote vya kama kazi yako imekuwa ibada au imekuwa sanamu. Mtu anayesema "ngoja nimalizie hizi mbili" kila siku mpaka wakati unakaribia kutoka, kazi imemshika. Kama kuna kitu motoni, zima au mwite mtu akiangalie.

## Hatua ya 8: Funga kazi

Chombo cha mwisho kikishawekwa, osha karo lenyewe. Kamua dodoki, litundike. Pangusa maji yaliyotapakaa sakafuni asije mtu akateleza. Kuondoa kinachoudhi njiani ni katika matawi ya imani, na sakafu ya jiko ni njia ya watu.

Simama kama ulivyosimama mwanzo. Sema Alhamdulillah mara moja, ukikumbuka kwamba vyombo vichafu ni dalili ya nyumba iliyokula.

Utajua umefaulu: unatoka jikoni bila kutaka kumhadithia mtu. Pumzi imeshuka. Mwili umechoka, na uchovu haukukasirishi.

## Baada ya siku saba: ongeza kazi ya pili

Ongeza moja tu kila wiki. Hatua ni zile zile, ila kila kazi ina lake la kuangalia.

Kufagia. Rahisi. Ufagio wa chelewa una mdundo wake, na dhikri huingia yenyewe. Vumbi likiwa kali nyunyiza maji kwanza.

Kufua. Hapa ibada inaanza na tahara, na watu wengi hukosea. Nguo ya mtoto yenye mkojo au kinyesi usiitumbukize kwenye beseni la nguo zote. Kwa madhehebu ya Shafii tuliyo nayo wengi pwani, maji machache, yaani yasiyofika qullatain ambayo ni kama lita 200, hunajisika yakiingiliwa na najisi. Ondoa uchafu wenyewe kwanza, mimina maji safi juu ya nguo mpaka rangi na harufu viondoke, ndipo uifue na sabuni pamoja na nyingine. Sabuni peke yake haitoharishi.

Kusafisha choo. Ulimi unyamaze, kwa kuwa kumtaja Mwenyezi Mungu chooni ni makuruhu. Nuia nje ya mlango, ingia, safisha, toka, kisha shukuru. Usichanganye jiki na dawa nyingine ya choo, hasa zile zenye tindikali au amonia, maana hutoa moshi wa sumu. Fungua dirisha.

Kupika. Iache hadi wiki ya nne au ya tano. Mkaa usiuwashie ndani ya chumba kilichofungwa, hewa yake ya sumu haina harufu, nayo huua. Ramadhani, mpishi aliyefunga anaruhusiwa kuonja chumvi kwa ncha ya ulimi kwa haja, ateme, asimeze. Na anayemfuturisha aliyefunga hupata mfano wa ujira wake bila ujira wa aliyefunga kupungua, kama alivyopokea Tirmidhi. Kwa hiyo alasiri ile ndefu ya kukuna nazi, mbuzi chini yako na machicha hadi kwenye vidole, inuie kwa idadi ya wote watakaokaa mkekani.

## Ukikatika katikati

Mgeni atakuja, mtoto ataugua, utapitiwa siku nne. Hakuna kadha, yaani deni la siku zilizopita, ya kulipa. Usioshe vyombo mara mbili wala usijiwekee adhabu. Anzia kwenye chombo kitakachokuwa mbele yako, kwa hatua ya tatu.

Kama umekatika zaidi ya mara tatu mahali pale pale, rudi hatua ya kwanza na ubadilishe kazi. Kuna watu karo haliwafai kabisa, wakapata utulivu wao kwenye kukunja nguo kavu.

## Usiku, taa ikizimwa

Malizia siku na ile tasbihi ya Bibi Fatma: 33, 33, 34, jumla 100, kwa vidole vya mkono ule ule uliosugua masufuria. Sayyidna Ali alisema hakuiacha tangu alipofundishwa. Akaulizwa, hata usiku wa vita vya Siffin? Akasema hata usiku wa Siffin.

Weka mkono juu ya shuka, kidole kwa kidole. Usingizi ukikuchukua kabla hujafika 100, lala.